Ngumu siyo Imara: Nahakiki Ushauri wa Springi Niliouunga Mkono Mwenyewe

Wadau, mara nyingi tukihakiki kitu hapa huwa ni makala ya kisayansi, na siku moja moja kitabu. Leo nahakiki ushauri. Umeenea sana hapa Morogoro, kuanzia gereji za Kihonda mpaka kwenye maegesho ya vyuo, na unasema hivi: ukitaka gari la michezo la zamani lishike barabara, lishushe na ulikaze. Kata springi, au tafuta koilova za mtumba kutoka Japani. Eti kadiri gari linavyokuwa gumu ndivyo linavyokuwa bora.

Sina haki ya kuucheka ushauri huu. Mwaka jana jamaa yangu tunayesoma naye shahada ya uzamili alinunua Toyota Altezza ya mwaka 1999. Kabla hajalipeleka gereji aliniuliza mimi, kwa sababu nashinda na milinganyo ya mitetemo ya matrekta na akaamini najua. Nikachukua karatasi, nikapiga hesabu ya dakika kumi, nikamwambia, "Kata tu, litapunguza kulala kwenye kona." Fundi akakata mzunguko mmoja mbele na mmoja na nusu nyuma. Nyuma zilikatwa zaidi kwa sababu mbele tairi lingeanza kugusa fenda usukani ukikatwa mpaka mwisho.

Kwenye lami gari lilipendeza sana. Kiukweli hata mimi nilijipongeza.

Siku tuliyotoka Mgeta

Wiki chache baadaye bibi yake alifariki, tukapanda Mgeta kwenye msiba. Wasiojua njia ile: unaacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, karibu na Mzumbe, unaanza kupanda Uluguru kuelekea Langali na Nyandira. Mjini Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Barabara inapita mashamba ya kabeji na viazi, na malori ya mboga yanapishana na bodaboda. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde.

Tukiwa tunarudi, kwenye kona ya udongo yenye mikunjo kama bati la paa, nyuma ya gari ilihama. Hatukuwa na mwendo mkali, sisi tulikadiria kama kilomita 40 kwa saa. Hatukukanyaga breki wala mafuta. Nyuma ilitoka tu, kama vile mtu ameisukuma, tairi likagonga ukingo wa upande wa mlima na gari likasimama. Hakuna aliyeumia. Ila wote wawili tuliangalia upande wa pili wa barabara na hatukusema kitu.

Lori la mboga lililokuwa nyuma yetu likasimama, dereva wake akashuka. Mtu mzima, mvi kichwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mko salama? Hili gari limefanywa nini? Nimeliangalia tangu kule juu, nyuma linarukaruka kama mbuzi."

Jamaa akamweleza kwamba springi zimekatwa ili lishike barabara vizuri. Mzee hakujibu. Akaenda nyuma, akaweka mikono miwili juu ya buti, akalikandamiza mara moja na kuachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena.

"Lishike barabara gani?" akasema. "Shokapu zimekufa hizi."

Nilirudi Morogoro nikafungua ile karatasi yangu. Hesabu haikuwa na kosa. Nilichokosea ni swali: nilijiuliza gari litalala kiasi gani, wakati nilitakiwa kujiuliza tairi litagusa barabara kwa muda gani. Sasa basi, tuupitie ushauri huu hoja kwa hoja.

Hoja ya kwanza: "Gari likiacha kulala linashika zaidi"

Hii ndiyo iliyonidanganya mimi, kwa hiyo naianza.

Gari likiingia kona, uzito unahama kutoka tairi za ndani kwenda tairi za nje. Kiasi kinachohama, kwa jumla, kinategemea vitu vinne: uzito wa gari, ukali wa kona kwa mwendo ule, urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, na upana kati ya tairi la kushoto na la kulia. Angalia orodha hiyo tena. Ugumu wa springi haumo. Springi ngumu inapunguza kulala kwa bodi, yaani kile macho yanachokiona na kiuno kinachokisikia, lakini uzito unaohama unabaki karibu uleule.

Kushusha gari kunasaidia kweli, kwa sababu kitovu cha uzito kinashuka. Ila kwa kiasi gani? Tuseme kitovu kilikuwa sentimita 50 kutoka ardhini na umeshusha sentimita 3. Uzito unaohama umepungua kwa asilimia 6. Siyo sifuri, lakini siyo muujiza wanaousimulia.

Springi inachoamua ni mgawanyo: mbele wachukue mzigo gani wa huko kuhama na nyuma wachukue gani. Ukikaza nyuma kuliko mbele, nyuma ndiyo inayobebeshwa zaidi, na tairi la nje la nyuma linafika mwisho wa uwezo wake mapema. Altezza inasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo tairi hizo zina kazi mbili tayari. Sisi tulikata mbele mzunguko mmoja na nyuma mmoja na nusu kwa sababu ya fenda. Yaani tabia ya gari kwenye kona iliamuliwa na nafasi ya bati.

Hoja ya pili: "Springi ikikatwa inakuwa ngumu, kwa hiyo inafidia"

Nusu ya sentensi hii ni kweli. Springi ikipunguzwa mizunguko inakuwa ngumu. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiibakiza na 4.5, ugumu wake unapanda kwa theluthi moja.

Sasa tuangalie kinachobaki. Tuseme kabla ya kukata tairi lilikuwa na nafasi ya kupanda sentimita 8 kabla ya kugonga mpira wa kizuizi, na baada ya kushusha zimebaki 4. Nguvu ya pigo ambayo springi inaweza kuimeza kabla ya kugonga inategemea ugumu mara umbali, na umbali unajizidisha wenyewe. Ugumu umepanda mara 1.33, umbali umekuwa nusu, na nusu mara nusu ni robo. Zidisha: umebaki na theluthi moja ya uwezo wa mwanzo. Umelikaza gari, na bado linagonga mwisho mapema zaidi. Kila mtu aliyepanda gari la namna hii anaujua ule mlio wa "gubu!" kwenye tuta. Pale kwa sekunde kidogo gari halina springi kabisa.

Kuna na madhara mengine ambayo fundi mzuri atakwambia bila hesabu. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kiti chake. Tairi likishuka kwenye shimo springi fupi inaweza kulegea na kuhama. Na kama imekatwa kwa moto wa gesi badala ya grainda, chuma kinapoteza ule ugumu wake wa kiwandani karibu na pale palipopata moto.

Hoja ya tatu: "Shokapu haijavuja, nzima hiyo"

Hapa ndipo penye roho ya jambo, na ndipo watu wengi wanapita haraka.

Shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Kazi ya shokapu ni kuizima springi. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta kupita kwenye vitundu na vali ndogo, mwendo unageuka kuwa joto, na mtetemo unakufa. Shokapu inaweza kuwa kavu kabisa nje huku vali zake zimechoka na mafuta yamechanganyika na hewa kuwa povu. Ya jamaa yangu ilikuwa hivyohivyo: safi, haina hata tone, na ina umri wa gari lenyewe.

Sasa unganisha na hoja ya pili. Springi ikikazwa inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi, siyo ileile. Kwa theluthi ile tuliyoongeza, masafa ya mtetemo wa bodi yanapanda kwa kama asilimia 15 (ni kipeuo cha pili cha 1.33), na uwezo wa shokapu kuuzima, ukilinganisha na unaohitajika, unashuka kwa kama asilimia 13. Hiyo ni kwa shokapu mpya. Sisi tulikuwa na iliyokufa.

Halafu kuna mtetemo wa pili, ambao ndio uliotaka kutupeleka bondeni. Gari lina mitetemo mikubwa miwili. Bodi juu ya springi inacheza polepole, kati ya mara 1 na 2 kwa sekunde kwa magari mengi ya kawaida. Lakini tairi lenyewe, pamoja na rimu, breki na habu, nalo linadunda kati ya bodi na barabara, na hilo linadunda haraka, kama mara 10 mpaka 15 kwa sekunde.

Chukua ile mikunjo ya barabara ya udongo. Tuseme kutoka mkunjo hadi mkunjo ni sentimita 80, na unaenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Tairi linapigwa mara 12.5 kila sekunde. Umelipiga tairi kwa mwendo uleule ambao lenyewe linapenda kudunda. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Kitu pekee kinachozuia mdundo huo usikue ni shokapu. Kama imekufa, tairi linakuwa hewani sehemu kubwa ya muda, na tairi lililo hewani halina msuguano wowote wa kulizuia gari lisihame kwenye kona. Ndiyo maana nyuma ilitoka bila sisi kufanya kosa lolote la kuendesha. Yule mzee alisema "linarukaruka kama mbuzi". Mimi nimetumia aya mbili kusema kitu kilekile.

Na usidhani ukiendesha vizuri utaikwepa mikunjo hii. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walichapisha kwenye jarida la Physical Review Letters majaribio yanayoonyesha kwamba mikunjo hujitokeza gurudumu linapopita juu ya mchanga kwa mwendo unaozidi kiwango fulani, hata kama gurudumu hilo halina springi. Kwa hiyo barabara ya udongo yenye magari itakunjika. Cha kubadilisha ni gari lako na mwendo wako.

Hoja ya nne: "Mbona magari ya rally ni magumu?"

Hii nimeiambiwa na watu watatu tofauti, wote wakinitajia Safari Rally. Basi twende hukohuko Safari.

Mashindano yale yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la michezo lililojijengea jina pale ni Datsun 240Z: lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alifikisha ushindi wa Safari mara tano. Tafuta picha za magari yale. Hayakushushwa. Yamesimama juu, tairi zina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka.

Mfano mzuri zaidi ni mwaka 1978. Porsche walileta 911 SC, gari la michezo hasa, wakalipandisha mpaka likawa na sentimita 28 kati ya tumbo na ardhi. Lililoendeshwa na Vic Preston Jr. likashika nafasi ya pili. Aliyeshinda ni Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 kupe. Ndiyo, ndugu ya ile 504 ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kama teksi: springi laini, tairi zinazosafiri mbali juu na chini, na gari linalolala kwenye kona bila aibu.

Kwa hiyo gari la rally la barabara zetu siyo gari gumu. Ni gari lenye nafasi ndefu ya kusafiri na shokapu kali zinazovumilia joto. Hata Ulaya, Colin Chapman wa Lotus alijenga Elan ya mwaka 1962 kwa springi laini zenye shokapu zinazodhibiti vizuri, na gari lile mpaka leo linasifiwa kwa kona. Wanaoiga ugumu wameiga magari ya uwanja wa mbio, ambako lami ni kama meza. Sisi hatuishi kwenye meza.

Na wanaoinua je?

Nisionekane nawaonea wanaoshusha tu. Upande wa pili kuna wanaoinua kwa spesa, hasa wakishachoka kugonga sampo. Nao wapo kwenye uhakiki huu.

Spesa inayowekwa juu ya kichwa cha shokapu inaongeza nafasi chini ya gari, hilo ni kweli. Lakini haiongezi hata sentimita moja ya safari ya shokapu. Urefu ni uleule, umesogezwa chini tu, na viungo vya wishboni, bolijointi na shafti za kuzungusha tairi sasa vinafanya kazi kwa pembe ambayo havikutengenezewa. Vile vimipira vinavyobanwa katikati ya mizunguko ya springi navyo ni ndugu wa grainda: vinazuia mizunguko kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo vinaikaza springi, na shokapu inabaki ileile iliyochoka.

Tuwe wa haki

Kuna mambo ushauri huu umeyapata. Gari la miaka 25 kweli limelegea, na mwenye gari anachokisikia kwenye kona siyo ndoto. Koilova nzuri, ambayo springi na shokapu yake vimepimwa pamoja, ni kifaa cha maana, na anayeshinda kwenye lami safi atafurahi nayo. Wala sisemi kila fundi anayekata springi hajui kazi. Wengi wanafanya kile mteja anachodai, na mteja wetu alikuja na karatasi ya mtu wa uzamili mkononi.

Ninachokataa ni neno "kuboresha" kutumika kwa kitu ambacho hakijapimwa dhidi ya barabara inayotumika. Altezza ya hapa Moro kwa wiki moja inakutana na lami ya Dar iliyochimbwa mifereji na malori, matuta na rasta kila penye makazi, na njia ya mlimani. Gari linaloweza barabara moja kati ya hizo tatu halijaboreshwa. Limechaguliwa barabara moja tu, na mwenyewe hajaambiwa.

Kama ungeniuliza leo, ningejibu kwa mpangilio huu. Kwanza tairi zenyewe na upepo wake, maana kila kitu kinapitia pale. Pili bushi: raba inazeeka kwa joto na hewa hata gari likiwa limepaki, na bushi iliyokufa inaruhusu tairi kubadilisha uelekeo bila usukani kujua. Tatu shokapu mpya nne, siyo mbili, na siyo za mtumba ambazo hujui zimetembea kiasi gani. Nne springi nzima za aina ya gari lako, na ukitaka ngumu kidogo, nunua zilizotengenezwa hivyo. Tano stebilaiza na linki zake, kama bado hupendi gari linavyolala. Mwisho alaimenti, kila ukigusa chochote kati ya hivyo.

Na kipimo cha bure: kandamiza kona moja ya gari na uachie. Likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kucheza, usipande nalo mlima. Kipimo hiki hakigundui kila shokapu iliyochoka, kwa hiyo ongeza cha pili: ukitoka kwenye barabara mbovu, sogeza mkono taratibu karibu na kila shokapu. Inayofanya kazi imepata joto. Ile iliyo baridi kuliko wenzake haifanyi kazi. Ukitaka namba, pakua phyphox kwenye simu, programu ya bure kutoka chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Weka simu kwenye buti, kandamiza, uangalie mawimbi yanakufa baada ya mizunguko mingapi.

Jamaa yangu alitafuta springi nzima, akanunua shokapu mpya, akabadilisha bushi za nyuma zote. Iligharimu zaidi ya kukata, na alilipa mara mbili kwa sababu yangu. Gari limerudi juu, na wenzetu chuoni wanamwambia limekuwa la mzee. Siku ya arobaini ya bibi tulipanda tena Mgeta. Kwenye kona ileile alipunguza mwendo, tukapita, gari likalala kidogo na tairi zote nne zikabaki chini. Safari hii sikuwa nimempigia hesabu yoyote. Alikuwa amempelekea gari yule dereva wa lori alikandamize kwanza.